Bwana Kijiti na Shimo la Hezron

Nianze na pikipiki, maana ndiyo iliyotufanya tumshuku Ackson kabla hata hatujaisikia sauti yake vizuri. Ilikuwa pikipiki nyekundu ya serikali, ile ile aliyokuwa akiendesha alipokuwa bwana mifugo wa kuajiriwa. Walipompunguza kazi, yeye na wenzake wengi, vyombo vya zamani viliuzwa, naye akainunua ikawa yake. Haya, sasa niambie. Mtu serikali imemwachisha, lakini bado anatembelea pikipiki ya serikali, na kila Alhamisi anapanda nayo mpaka kwetu Lubala, juu kabisa, mahali mashamba yanapoishia na msitu unapoanza. Anafuata nini? Anasema anafuata ng'ombe. Ng'ombe si wapo hata Ibighi, hatua mbili kutoka kwake?

Mimi ni Atupele, mama Ambindwile. Sina tabia ya kumshuku mtu bure. Nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa mume wangu.

Hezron alikuwa mpasua mbao. Mwaka ninaousema ni tisini na tatu, enzi za ruksa, kila mwenye lori alikuwa mnunuzi. Zamani kila kitu kilikuwa na mahali pake pa kuuzia, na ukichelewa umechelewa. Mara tukaona malori yanakuja Tukuyu yanatafuta mbao, mengine yanatoka mbali hata hatujui wapi, maana kila mtu alikuwa anajenga kibanda cha duka. Hezron na rafiki yake Amoni wakaacha kuchuma chai wakaingia msituni. Kibali hawakuwa nacho. Sifichi, mambo yenyewe yamepita.

Kupasua mbao kwa msumeno wa mkono kunataka shimo. Mnachimba shimo refu, kina chake mtu anasimama ndani asionekane hata kichwa. Mnaviringisha gogo juu yake. Hezron anasimama juu ya gogo, Amoni anasimama shimoni, msumeno unapanda na kushuka, na unga wa mbao unamwagikia Amoni machoni kutwa nzima. Gogo likiisha, shimo linabaki. Na shimo likionwa na watu wa maliasili, ndiyo ushahidi wenyewe, hauhitaji tena kuulizwa maswali.

Hapo ndipo Hezron alipokuwa fundi. Alilaza fito juu ya shimo, akapanga mabanzi, yale maganda ya gogo yanayobaki, akapiga udongo, akapandikiza nyasi na mizizi yake. Mvua ya kwetu unaijua, haiombwi. Wiki mbili tu, pameota pote, hujui palichimbwa wala hapakuchimbwa. Akamaliza kwa kuigeuza njia ya watu ipite juu yake. Ndiyo! Alituambia wote wa Lubala, wanawake kwa watoto, tupite papo hapo juu ya shimo ili nyasi zikanyagike kama njia nyingine. Aliniambia huku anacheka, "Nani atachimba njia kutafuta shimo?" Na kweli watu wa maliasili walikuja mara mbili, wakapita juu yake wakiongea habari zao, nasi tukasimama pembeni na ndizi zetu kichwani tumenyamaza kimya.

Basi katika hali hiyo ndipo anapokuja mtu wa pikipiki nyekundu. Na huyo mtu ana kijiti.

Kilikuwa mwanzi mrefu wenye ncha ya chuma, amekifunga ubavuni mwa pikipiki kwa mpira. Akifika mahali asipopapenda, anazima injini, anashuka, anakifungua, anadunga ardhi. Anadunga hapa, anadunga pale, anainamisha sikio. Anatazama nyasi. Mtoto wangu Ambindwile akampa jina la Bwana Kijiti, na likamganda mlima mzima, hata mchungaji alijisahau siku moja akamwita hivyo kanisani.

Nilimwuliza Hezron, "Huyu anatafuta nini chini?"

"Ananitafuta mimi," Hezron akasema. Hakucheka siku hiyo.

Kumbe mwenyewe alikuwa na maelezo yake, na aliyatoa kwa yeyote aliyeuliza. Alisema nchi hii yetu isituhadae kwa ukijani wake. Mlima uliwahi kuwaka moto, ukamwaga majivu, majivu yakawa udongo, na maji yanachimba ndani ya ule udongo miaka na miaka. Juu unaona shamba, chini ni tundu. Ukiona nyasi za kijani kuliko nyingine, jiulize. Ukiona ukungu, shuka usukume pikipiki. Mvua ikikatika, zima injini usikilize kama kuna maji yanaongea chini ya miguu yako. Na njia uliyopita jana si njia ya leo, ianze upya. Alikuwa na mwenzake kazini, Meshaki, walianza ajira mwaka mmoja. Meshaki alikuwa mtu wa "twende tu". Siku moja nyasi zilimmeza na pikipiki yake, wakampata kesho yake amekwisha kufa. Ackson ndiye aliyekata mianzi ya kumtafutia, akabaki na mmoja.

Hiyo habari tuliisikia, tukasema sawa, pole. Lakini hatukumwamini. Mtu mwenyewe alikuwa na shuku za kutisha! Ukimpa kigoda, anakibonyeza kwanza kwa kiganja. Ukimpa chai, anaunusa ule mvuke, anauliza maziwa yamekamwa lini na nani. Akiuliza njia, anauliza watu watatu, halafu anarudi kumwuliza wa kwanza tena aone kama jibu limebadilika. Mwanamume mzima! Nikamwambia siku moja, "Bwana Mifugo, hivi hata mkeo unamdunga na kijiti?" Akanitazama, akafikiri kabisa kama swali la kujibiwa. Akasema, "Mke wangu aliondoka, mama. Alisema amechoka kuulizwa."

Nikajutia mdomo wangu. Lakini shuku haikuisha. Yeye alitushuku sisi, sisi tulimshuku yeye, na kila Alhamisi tuliviziana kwa heshima na maamkizi marefu.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Machi, matope hadi kwenye vifundo vya miguu. Ng'ombe wangu Ndaga alianza uchungu alfajiri. Ndaga kwa Kinyakyusa ni asante, na nilimpa jina hilo kwa sababu maziwa yake ndiyo yaliyonilelea watoto watatu. Kufikia saa tatu mguu mmoja wa ndama ulikuwa umetoka, mmoja tu, na kichwa hakionekani. Ndaga alikuwa amelala chini anakoroma, macho yamemtoka. Hezron na Amoni walikuwa msituni. Nikakimbia kuteremka mpaka kanisani, maana ilikuwa Alhamisi, na Ackson alikuwa anatibia ng'ombe pale.

Nilimkuta anamdunga sindano ndama wa watu. Sikumaliza hata kuamkia.

"Mguu wa mbele au wa nyuma?" akauliza.

"Wa mbele."

"Chupa imepasuka saa ngapi?"

"Jua lilikuwa halijatoka."

Akatazama saa yake, akafunga begi. "Panda, mama Ambindwile."

Nikapanda kwa upande, nimeshika chuma cha nyuma, begi lake liko katikati yetu. Tukafika njia panda. Mkono wa kulia ni njia ndefu, inapanda mgongo wa kilima, na kwa utelezi wa siku ile ingekula saa nzima na zaidi. Mkono wa kushoto ni njia fupi, inapita kando ya msitu, unafika kwangu mara moja. Na njia fupi ndiyo yenye shimo la Hezron.

Lilikuwa na miezi minane lile shimo. Fito zilikuwa zimelala kwenye unyevu miezi minane. Sisi tulipita kila siku kwa miguu na halikunung'unika. Lakini pikipiki? Pikipiki hakuna aliyewahi kuipitisha, maana Ackson mwenyewe kawaida alishika ile ndefu.

"Tupite kulia," nikasema.

"Ndama hana saa nzima."

Hapo nikadanganya, na nilichagua uongo ambao kwetu hakuna mtu anaubishia. Kwetu mwanamke hakutani na baba mkwe wake. Wakati ule mwiko huo bado tuliushika sana. Ukimwona mbele unaacha njia unaingia shambani, unageuza uso, wala jina lake hulitaji hata kama nyumba inaungua. Nikasema, "Siwezi kupita kushoto, Bwana Mifugo. Baba mkwe analima kule leo."

Kwa Mnyakyusa yeyote maneno yangekwisha hapo. Angegeuza pikipiki bila kuuliza. Lakini Ackson akazima injini, akageuka akanitazama.

"Baba mkwe wako nilimwona jana Kisiba, kwa binti yake," akasema taratibu. "Mguu umemvimba, hawezi kufika hata mlangoni."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Angalia nilivyoomba, na mahali nilipoombea!

"Labda amerudi," nikasema.

"Kwa mguu upi?"

 Akaendelea kunitazama, na nikaona shuku inavyomwingia usoni. Si ile shuku yake ya kawaida ya kunusa chai. Hii ilikuwa ya kuumia, kwamba nimemtumia mzee wa watu, nimeitumia heshima ya watu wote, kumzuia yeye asipite njia. Bila shaka akajiuliza kuna nini kule. Akawasha injini akashika kushoto.

Nikajiambia, basi, ana kijiti. Atadunga. Akidunga ataona, na akiona mwenyewe si mimi niliyemwonyesha. Hezron hatakuwa na la kunilaumu. Ndivyo nilivyojipanga kichwani, kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki, ng'ombe wangu anakufa huko mbele. Mtu akiwa na hofu anakuwa na akili nyingi za kipumbavu.

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba ya mwisho. Tulipofika kwenye jiwe jeusi, hatua kumi kabla ya shimo, akasimama mwenyewe.  Akashuka, akafungua kijiti, akaenda akidunga. Hatua ya kwanza, ya tatu, ya saba. Alipofika juu ya shimo akadunga mara moja, akainamisha sikio. Akadunga tena pale pale. Akachuchumaa, akapapasa nyasi kwa mkono, akadunga mara ya tatu, taratibu kabisa.

Kijiti hakikuzama. Mabanzi ya Hezron yalikuwa manene, kijiti kiligota kama kimegota kwenye mwamba. Nikasema moyoni, fundi wewe, Hezron, fundi wa maangamizi.

Ackson akainuka, akanigeukia. Kwenye ukungu sikuuona uso wake vizuri.

"Mama Ambindwile," akasema, "hapa pakoje?"

Nataka nikuambie nilichowaza, nisijifanye sikuwaza. Niliwaza, nikisema kuna shimo, huyu ataandika. Niliwaza Hezron amefungwa pingu anashushwa Tukuyu watu wanaangalia. Niliwaza watoto watatu. Niliwaza Ndaga. Na niliwaza vilevile kwamba pengine litabeba. Mbona linatubeba sisi? Pengine litabeba, na mchana utapita, na hakuna atakayejua.

"Pazuri, Bwana Mifugo," nikasema. "Tunapita hapa kila siku."

Hakuna neno hata moja la uongo mle ndani, na ndiyo uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema. Na sikuishia hapo. Nikashuka, nikamwambia naogopa utelezi, nitatembea. Nikatangulia. Nikapita juu ya shimo kwa miguu yangu miwili, polepole, ili aone. Nikafika upande wa pili nikasimama.

Akafanya jambo dogo ambalo sikulielewa. Alilifungua begi la dawa kutoka kwenye pikipiki, akaja nalo kwa miguu mpaka kwangu, akanipa mkononi. "Lishike," akasema. "Lina vioo." Kisha akarudi, akapanda pikipiki, akaja.

Gurudumu la mbele lilipita. La nyuma ndilo lililobaki.

Sikusikia kelele kubwa. Nilisikia fito zikikatika moja moja, halafu nyasi zikazama katikati, na yule mtu na pikipiki yake wakaondoka mbele ya macho yangu. Injini iliendelea kunguruma chini ya ardhi kwa muda, ikazima. Harufu ya petroli na ya unga wa mbao uliooza ikapanda.

Nilipiga yowe mpaka koo likanikauka. Hezron na Amoni hawakuwa mbali, walitokea msituni wanakimbia, msumeno bado mkononi. Wakaja ukingoni wakachungulia. Chini pale Ackson alikuwa hai, amelaliwa na pikipiki, mguu mmoja umegeukia kusikotakiwa. Alikuwa anatutazama. 

Na wanaume wale wawili walisimama tu.  Amoni akamtazama Hezron, Hezron akatazama shimo lake. Kisha Amoni akanong'ona, "Huyu akitoka hapa, sisi tunaingia ndani."

Ndugu yangu, nilimjua Hezron miaka kumi na mbili na sikuwahi kumwogopa. Dakika ile nilimwogopa. Nikaona anafikiri. Sijui alifikiri nini, hajawahi kuniambia na mimi sijawahi kuuliza, lakini alikuwa anafikiri, na mahali kama pale mtu hatakiwi kufikiri.

"Hezron!" nikapiga kelele. "Shuka! Shuka sasa hivi, au naruka mimi, na watoto wako utawaambia mwenyewe!"

Akashtuka kama mtu aliyeamshwa. Akatupa msumeno, akashuka shimoni.

Walimtoa kwa kamba zile zile za kuvutia magogo. Alipofika juu alikuwa amejiuma mdomo mpaka unatoka damu, na neno lake la kwanza halikuwa mguu.

"Begi halikuvunjika?"

"Halikuvunjika, baba."

"Basi nipelekeni kwa ng'ombe."

Machela hatukuwa nayo. Hezron akaingia vichakani akarudi na mbao mbili mpya, pana, za podo, mbao za kuficha, akamlaza juu yake. Ndivyo tulivyomleta nyumbani, mpasua mbao mbele, mpasua mbao nyuma, na yule tuliyemwita mpelelezi amelala juu ya ushahidi wote. Njiani akageuza pua kwenye ule ubao. "Podo," akasema. Basi, hakuongeza.

Wakamweka zizini karibu na Ndaga, kwenye majani makavu. Mkono wake haukuweza kufika, na jasho lilikuwa linamtoka kama mvua. Akasema nitafanya mimi. Nikaosha mkono kwa sabuni mpaka begani. Akaniambia, "Usivute. Kila mtu anataka kuvuta. Ngoja apumzike, halafu sukuma mguu urudi ndani." Nikasukuma. "Sasa tafuta kichwa. Kimegeukia ubavuni. Umepata sikio? Fuata. Umepata mdomo? Tia vidole mdomoni, uzungushe taratibu." Kila nilichokishika nilimwambia, na kila nilichomwambia alikiamini, akanipa hatua inayofuata. Hakuniuliza mara mbili hata mara moja. Niliona hilo papo hapo, na nilitamani aniulize.

Ndama alitoka jike, mweusi, anatikisa masikio. Ndaga akageuka akamlamba. Ndipo Ackson akazimia.

Walimshusha Tukuyu hospitalini kwenye gari la chai. Na sisi tukaanza kungoja.

Hezron alihamia kwa shemeji yake ng'ambo ya mto wiki tatu nzima. Amoni alikwenda Kyela, akabaki huko huko. Mimi nilichukua jembe nikalifukia lile shimo, na mengine matano niliyoyajua, mchana kweupe, na aliyeniuliza nilimjibu vibaya. Kila injini iliyonguruma bondeni nilijua ni watu wa maliasili. Hawakuja. Tukasikia kwamba hospitalini, alipoulizwa, Ackson alisema aliteleza kwenye tope.

Wewe ungelala? Mimi sikulala. Nikasema huyu ametuweka akiba. Anataka kitu, na siku yake itafika. Miezi ikapita, akatuma dawa ya minyoo kwa ajili ya ndama, bila hata ujumbe. Niliimwaga kwenye migomba. Akatuma tena. Nikaimwaga tena. Mara akatuma salamu kwa mchungaji kuuliza ndama anaendeleaje, nikasema, mnaona? Anajua alipo, anamfuatilia. Hezron alirudi kuchuma chai na hakushika msumeno tena. Tulikula, tukalima, tukasali, na katikati ya yote hayo tulikuwa tunasubiri Ackson atukamate shingo.

Miaka mitano! Miaka mitano ya kumshuku mtu kwa sababu hajakudhuru. Yule ndama akakua, akazaa mwenyewe, bila taabu. Siku ile nikasema liwalo na liwe. Nikafunga kitenge, nikashuka Tukuyu.

Alikuwa na duka dogo la dawa za mifugo pale Ibighi, limeshikana na gereji ya Hafidhi, yule fundi aliyeifufua pikipiki nyekundu na kumtafutia mtu wa kuinunua. Mguu ulikuwa umepona vibaya, haukunji. Alikuwa anatembelea kile kijiti, ncha ya chuma imevalishwa kipande cha tairi. Alinijua mara moja.

"Mama Ambindwile. Karibu. Ndaga hajambo?"

Sikukaa. "Bwana Ackson," nikasema, "unataka nini kwetu? Sema leo. Kama ni Hezron, nitamleta mwenyewe. Nimechoka."

Akanitazama, akastaajabu kweli. "Sitaki kitu."

"Kwa nini hukusema kuhusu shimo?"

"Ningesema nini? Nililiona kabla sijaingia."

Nilidhani sijasikia vizuri. Akagonga kijiti sakafuni, polepole.

"Udongo una sauti yake na mwamba una sauti yake. Miaka kumi na minane nasikiliza, mama. Niliposikia mara ya kwanza nilijua ni ubao. Mara ya pili nilijua chini ya ubao ni tupu. Ya tatu nilidunga ili nipate muda wa kufikiri."

"Sasa kwa nini ulipita?"

"Nilikuuliza."

Kule nje Hafidhi alikuwa anagongagonga chuma. Ackson alingoja anyamaze.

"Ulikuwa umeshanidanganya njia panda," akasema. "Lakini uongo wa njia panda ulikuwa wa kunizuia nisipite. Nikauona hivyo nilipodunga. Nikasema, kumbe huyu mama alikuwa ananiokoa kwa namna yake. Basi nikimwuliza uso kwa uso ataniambia. Na ukisema pazuri, nikasema, basi ni pazuri, litabeba, yeye ndiye anayepajua. Tangu Meshaki afe sikuwahi kuliamini neno la mtu mmoja. Nilikuwa nimechoka na mimi. Nikasema leo nimwamini mtu mmoja, nione inakuwaje."

Nilishika meza. Nilitaka kusema samahani, na neno lenyewe lilikuwa dogo kiasi kwamba niliona aibu kulitoa.

"Na begi?" nikauliza. Ndilo lililonijia. "Begi ulinipa la nini, kama uliniamini?"

Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Mazoea, mama. Mtu haachi yote kwa siku moja."

Nikamwambia kwamba lile begi ndilo lililomwokoa Ndaga. Akasema anajua. Nikamwambia mimi ndiye niliyeimwaga dawa yake ya minyoo kwenye migomba, mara mbili. Akauliza migomba ilistawi? Nikashindwa kucheka. Nikalia pale pale dukani mbele ya makopo ya dawa, akanisogezea kigoda. Hakukibonyeza.

Nilipoaga, nilikuwa nimeshafika mlangoni. Pale nje kuna ngazi ya mbao, vidato vitatu vya kuteremkia barabarani. Akaniita kutoka ndani. "Mama Ambindwile, hicho cha kati usikikanyage. Kimelegea."

Nilikitazama. Kilikuwa kizima, kimepigiliwa misumari pande zote, wala hakikuonyesha dalili yoyote. Nilikuwa nimekikanyaga nikiingia, na kilinibeba. Nikashika mlango, nikakiruka kama alivyoniambia, nikaenda zangu stendi.